Chumba cha Kidua

Hodi hupigwa na aliye nje. Hilo Rukiya alilijua kabla hajajua kusoma, kwao Kibokoni, Mombasa, ambako mtoto akiingia nyumba ya watu kimyakimya huulizwa kama mamake alizaa paka. Unasimama mlangoni, unapiga hodi. Ukijibiwa, unaingia, ikifika ya tatu hujajibiwa, unageuka na viatu vyako. Kwa hivyo Jumamosi ile ya Agosti, akishuka ngazi za hoteli kumtafuta fundi, sinia ya chai mkononi, aliposikia sauti ya mwanamume ikilia "Hodi! Hodi! Hodiii!" kutoka ndani ya chumba cha chini, chumba kilichofungwa tangu biashara ya shisha ilipokufa, alisita.

"Mtu yumo ndani," alijiambia, "ampigia hodi nani?"

Lakini malezi hayangoji akili. Mdomo ulimtangulia. "Karibu!" aliitikia, akausukuma mlango kwa bega.

Na papo hapo, ndani ya televisheni, mpira ukaingia wavuni.

Chai ilikuwa ya Duncan, fundi wa lifti na viyoyozi, Mskoti wa makamo mwenye shingo iliyobabuka kwa jua na mikono mikubwa kama sepetu. Katika hoteli ile ndogo ya Al Muraqqabat, Dubai, hakukuwa na siku ya Agosti ambayo hakuitwa, maana hakukuwa na siku ambayo kiyoyozi hakikugoma. Siku hiyo alikuwa amemaliza kazi, akaifufua televisheni iliyoachwa na watu wa shisha, akajificha humo kuitazama timu ya mji wao. Mji waitwa Kirkdour: samaki, mvua, na watu wasiopenda kuambiwa kitu mara mbili. Timu yake haikuwa imecheza ligi kuu ya Skotlandi tangu babu yake Duncan angali na meno. Mwaka huu imepanda. Hii ndiyo mechi yake ya kwanza huko juu, na sasa imefungwa.

"Umesema nini?" Duncan aliuliza kwa Kiingereza, bila kugeuka.

"Nimesema karibu."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo ingia."

Duncan akageuka. Akamtazama yeye, akaitazama sinia, akalitazama lile goli likirudiwa polepole kwenye kioo. "Yaani umewaambia waingie?"

Ilibidi chai inywewe yote ndipo waelewane. Kwa lahaja ya wazee wa Duncan, neno lile alilokuwa akilipigia kelele lilikuwa na maana ya kamateni, shikilieni, msiachie. Kwa Rukiya lilikuwa mgeni mlangoni. Mmoja analia walinzi wakaze, mwingine anawafungulia watu mlango.

"Basi hilo goli ni lako," Duncan alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Umelikaribisha mwenyewe, ulilee."

"Nitalilea. Kwetu mgeni hafukuzwi. Lakini la pili haliingii."

La pili liliingia, na la tatu likafuata. Lakini Rukiya alikuwa ameketi. Hilo ndilo lililokuwa jipya siku ile: alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo, ndani ya chumba cha baridi, kikombe mkononi, na hakuna aliyemwinua.

Nani aliyewahi kuuliza wafanyakazi wa hoteli ile walikula wapi? Wageni hawakuuliza. Mwenye hoteli, arbab, hakuuliza. Yeye alikuja kwa mwaka mara moja, akagusa ukuta kuona kama rangi imekauka, akaenda zake. Walikula koridoni, mbele ya chumba cha dobi, wima, sahani zikiwa juu ya mashine za kufulia. Mashine ikianza kukamua, mchuzi ulicheza ngoma na ugali ukatembea wenyewe mpaka kwa jirani. Joto la pale lilikuwa la kukausha taulo, si la kulishia watu. Rukiya, msimamizi wa mashuka, alikuwa ameomba viti kwa kila meneja aliyepita hapo, naye alimkumbuka kila mmoja wao kwa jina lake, kwa mwezi wake, na kwa uongo aliomwambia. Maana Rukiya alikuwa na maradhi hayo: hakusahau. Wenziwe waliweka akiba ya dhahabu. Yeye aliweka maneno ya watu.

Jumamosi iliyofuata hakushuka peke yake. Alimleta Swaibu, askari wa mlango mkubwa, Mganda wa Masaka aliyesimama mchana kutwa mpaka akawa akisema, "Mimi hata nikifa watanizika wima." Swaibu akamleta Fortunate wa usafi, Mganda mwenzake kutoka Mbarara, mtu wa kanisa na mtani wa kila kiumbe. Fortunate akamleta Jamiru wa jikoni, na Jamiru akaja na sufuria. Wengine wakafuata harufu. Hivyo ndivyo chumba kilivyotekwa: bila risasi, kwa wali na maharage.

Ulimi wa Fortunate ulikataa katakata kulitamka jina la timu. "Ki-ri-ka... aah! Hiyo ni jina ama ni kikohozi? Mimi naita Kidua."

"Kidua," Rukiya alirudia, akaona limefaa. Dua ndogo. Timu yenyewe ilihitaji dua kubwa, lakini mtu huanza na aliyo nayo.

Na lile neno je? Duncan hakuweza kuliacha. Lilikuwa kwenye damu. Kila Kidua ilipozidiwa, na ilizidiwa kila wiki, alisimama akilia "Hodi! Hodi!", na Rukiya akajiziba mdomo kwa kiganja asiitikie. Fortunate ndiye aliyeleta dawa.

"Kwani nyinyi watu wa Mombasa, mtu msiyemtaka akija kwa mlango mnamjibu nini?"

"Twanyamaza."

"Na mkishindwa kunyamaza?"

Rukiya alifikiri. "Mtoto hutumwa akaseme hakuna mtu."

Ikawa hiyo. Duncan alipolia "Hodi!", wote kwa sauti moja walijibu, "Hakuna mtuuu!" Adui anakuja na mpira, mlango unagongwa, na nyumba nzima iliyojaa watu inapiga kelele kwamba haina watu. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, Kidua ikapigwa mpaka Jamiru akasema hata ngoma hupumzishwa ngozi. Lakini viti vya chumba cha chini havikukosa wenyewe, na koridoni kwa dobi mashine zilikamua peke yao.

Mr. Luay aligundua Desemba. Alikuwa meneja mpya, kijana Mwarabu wa Sham, nadhifu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Alifungua mlango wakati Duncan amesimama juu ya kiti akilia hodi, na watu na sahani zao wakamjibu yeye usoni: "Hakuna mtuuu!"

Vijiko vikanyamaza.

"Wanasema nini?" Mr. Luay aliuliza.

Swaibu alijitolea. "Wanasema hapa hakuna mtu, sir."

"Naona. Wa kufanya kazi, hakuna." Lakini siku hiyo alikuwa na furaha zake, hoteli ilikuwa imejaa wageni wa sikukuu. Akatazama kioo, ambako msimamo wa ligi ulikuwa umewekwa na Kidua iko mkiani, peke yake, kama mbuzi aliyesahauliwa mnadani. Akacheka. "Hii ndiyo timu yenu? Hii? Wallah, mmechagua vizuri. Sawa, kaeni. Maadamu timu hii iko ligi kuu, chumba ni chenu. Siku ikishuka daraja, na nyinyi khalas, mnarudi kula koridoni. Tumekubaliana?"

Macho yote yakamwendea Rukiya.

"Inshallah," alisema Rukiya.

Neno hilo, mjini Dubai, lina maana mbili, na anayezichanganya hungoja sana. Ya kwanza ni ya Mwenyezi Mungu. Mtu huilalia na kuiamkia. Ya pili ni ya ofisini. Umeomba likizo: inshallah. Umeomba feni pale kwa dobi: inshallah. Umeomba askari awekewe kiti: inshallah, inshallah, unasukumwa nalo begani polepole mpaka ujikute nje ya mlango. Maana yake nimekusikia, nenda. Rukiya alilishwa hiyo ya pili miaka yote. Siku ile aliitapika, akairudisha kwa wenyewe. Mr. Luay akasikia ile ya kwanza, akaridhika, akapanda ngazi na viatu vyake vya kimya.

"Auntie, umekubali!" Fortunate alijishika kichwa. "Ile timu itashuka, hata kuku wanajua!"

"Nimekubali nini? Wewe ulipofiwa na shangazi yako aliyekulea, uliomba ruhusa ukamzike. Uliambiwaje?"

"Inshallah."

"Ulikwenda?"

Fortunate aliusukuma wali pembeni mwa sahani yake.

"Basi," alisema Rukiya. "Na mimi nimekubali vivyo hivyo." Kisha, kimoyomoyo, akamwomba Mola msamaha kwa kulitumia neno Lake namna ile, na Mola alijua ni nani aliyeanza.

Hata hivyo, nani anayetaka kuishi kwa ujanja wa neno moja? Walitaka Kidua ibaki. Waliitaka ibaki kama mtu anavyotaka mvua isimkute njiani. Na Kidua, kana kwamba imesikia, ikaanza kupigana. Kipa wao, mzee mwenye upara ambaye Fortunate alimwita Taata, yaani baba, alidaka mipira ndani ya theluji huku vidole vimemvimba kama mahamri. Walishinda ugenini. Walitoka sare na timu kubwa ambayo mchezaji wake mmoja alinunuliwa kwa bei ya uwanja mzima wa Kidua pamoja na mtu wa kukata nyasi. Siku ile Swaibu alimbeba Duncan begani kama gunia la mihogo, na Duncan akaimba wimbo wa kwao ambao, kwa namna alivyouimba, ni afadhali hawakuuelewa.

Aprili ilipofika, Duncan alitangaza: "Sasa ligi inakatwa." Akachora mstari hewani kwa bisibisi. Akaeleza kwamba zikibaki mechi chache, zile timu kumi na mbili hugawanywa. Sita za juu hucheza zenyewe kwa zenyewe, sita za chini zenyewe kwa zenyewe. Na ukishawekwa chini ya mstari, hupandi tena. Wa saba anaweza kumaliza na pointi nyingi kuliko wa sita, na bado akaitwa wa saba.

"Hata akimpita?" Swaibu aliuliza.

"Hata akimpita."

"Hata akimpita mbali?"

"Hata mbali."

Kijiko cha Swaibu kilisimama hewani. "Kumbe hii ligi wameitengeneza Dubai."

Walicheka mpaka Jamiru akapaliwa. Duncan naye alicheka, kisha akaona wenziwe wameacha na yeye bado anacheka, akaacha. Swaibu mwenyewe alikuwa amewafundisha kazi wakuu wake wawili. Walikuja hawajui mlango upi wa wageni na upi wa mizigo. Akawashika mkono, akawaonyesha. Wakapewa nyota za mabegani, na yeye akabaki getini. Pasipoti zao zilikuwa za upande ule mwingine wa mstari.

Wiki hiyo hiyo Rukiya alipishana ngazini na watu wawili wenye tepu ya kupimia. Mmoja alimjua: mfanyabiashara wa soko la Naif, msafirishaji wa mizigo ya Afrika, mtu wa pwani kama yeye.

"Mwapima nini, ami?"

"Stoo," alisema yule bila haya. "Meneja asema mwezi wa sita chumba kitakuwa wazi. Ati kuna timu yashuka."

"Mtatia nini?"

"Ndara. Katoni za ndara za kwenda Mombasa. Zataka baridi, gundi isiyeyuke."

Rukiya aliendelea kupanda kwa hasira. Ndara za Mombasa zitapewa chumba chenye kiyoyozi, gundi isiyeyuke. Yeye wa Mombasa, mwenye roho na magoti, na ayeyuke.

Hapo ndipo wengine walipoanza kuogopa. Jamiru alimfuata stoo ya mashuka, akafunga mlango nyuma yake. "Dada Rukiya, tumwendee Mr. Luay tumbembeleze. Atupe hata kona. Hata viti vinne."

"Umwendee ukambembeleze kwa chako mwenyewe?"

"Si chetu, dada. Ni cha hoteli."

"Na mikono inayoiosha hoteli ni ya nani? Nenda, Jamiru. Ukapike. Mimi nilikwisha bembeleza hapa kabla hujajua Dubai iko upande gani."

Ikafika Jumapili ya mwisho, Mei, jua likiwa bado limesimama nje na lami ya barabara ya Al Rigga ikinata kwenye soli za watu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kidua ilikuwa ya mwisho. Ikishinda, itawaruka wawili walio mbele yake na kubaki. Isiposhinda, imeshuka. Chumba kilijaa, waliotoka zamu hawakwenda kulala, wenye zamu wakajipa mapumziko ya chakula wote kwa mkupuo, jambo ambalo halijapata kutokea. Sahani zilikuwa mapajani. Hakuna aliyekula.

Kidua ilifungwa mapema. Duncan aligeuka rangi ya maziwa. Kipindi cha pili wakarudisha, kwa mpira ulioparaza kisigino cha mtu na kuingia kama mlevi anayetafuta kitanda, na kelele za chumba kile zikapanda mpaka mapokezi. Ndipo mlango ulipofunguka, akaingia Mr. Luay, na nyuma yake Swaibu, aliyekuwa zamu, amevaa kofia na redio kiunoni. Nyuma ya Swaibu, kwenye ngazi, zilionekana katoni za kwanza juu ya kitoroli.

"Malizeni," alisema Mr. Luay. "Sina haraka." Akaegemea ukuta. Swaibu akasimama karibu naye, wima, kama ilivyo amri.

Dakika za nyongeza Kidua ikapata kona. Taata aliliacha goli lake wazi, akakimbia uwanja mzima na upara wake, akaingia katikati ya mashati. Mpira ukaja. Taata akaruka, akaupiga kichwa, nao ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda kwenye mstari, na mtu akaufyeka mbali. Filimbi ikalia. Bao moja kwa moja. Sare iliyokuwa sawa na kifo.

Duncan alijifunika uso kwa skafu, mabega yakatikisika bila sauti. Fortunate akamwekea mkono mgongoni, akampa pole ya kwao. "Bambi, ssebo. Bambi."

"Khalas," alisema Mr. Luay. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayezima taa ya ofisi. "Mechi imekwisha, na ahadi ni ahadi. Yalla, chukueni sahani."

Jamiru aliinuka kwanza. "Mnisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Visa yangu inaisha mwezi ujao. Niko na watoto." Wawili wengine wakamfuata. Rukiya hakuwatukana. Aliwatazama tu mpaka wakatoka, na wote waliomjua walijua kwamba kule kutazama kumewekwa akiba.

Waliobaki walimtazama yeye.

"Ahadi ya nani, sir?" Rukiya aliuliza. Aliuliza ameketi, na hilo peke yake lilikuwa jambo, maana mbele ya meneja watu husimama.

"Yako. Uliniambia inshallah. Mbele ya watu hawa wote."

"Nilisema. Na mimi nilikuomba kiti cha Swaibu pale mlango mkubwa. Ulisemaje?"

Mr. Luay alitazama saa yake.

"Nilikuomba feni, ile siku binti wa dobi alipozimia juu ya kapu la mashuka. Ulisemaje? Meneja aliyekutangulia, Fortunate alimwomba akamzike aliyemlea. Alisemaje? Haya, kiti kiko wapi? Feni iko wapi? Nionyeshe, sir, nami niinuke sasa hivi."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake?"

"Yangu ilikuwa..." Mr. Luay alitafuta neno kwa Kiingereza, akalitafuta kwa Kiarabu, na kote alilikuta lile lile limekaa linamngoja.

"Ilikuwa hapana," Rukiya alimsaidia. "Na yangu ilikuwa hapana. Tangu Desemba nimekwambia hapana, sir, kwa lugha ya ofisi yako."

Fortunate alicheka kwa pua, akajiziba, akashindwa, akacheka wazi. Chumba kizima kikalegea kidogo, kama fundo lililopata ukucha.

"Timu imeshuka," Mr. Luay alisema, uso umemwiva. "Mmeona wenyewe."

"Imeshuka Kidua, huko kwao kwenye mvua. Itapanda, haitapanda, huo ni mpira. Tumbo langu halichezi ligi. Sikuketi hapa kwa sababu ya kipa wa Skotlandi. Nimeketi kwa sababu nala, na mtu akila hukaa. Uliza popote. Hata kwenu Sham, mamako hakulishi umesimama."

Hilo la mama lilimchoma. Aligeuka. "Swaibu! Watoe."

Swaibu alikivuta kiti alichokiacha Jamiru. Alikitazama vizuri, kama mtu anayekagua mizigo. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaketi. Magoti yake yalilia kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

"Sir," alisema, "nitawaangalia kutoka hapa."

Dunia ina mambo mengi makubwa. Lakini wale waliokuwamo chumbani siku ile, ukiwauliza jambo kubwa waliloliona Dubai, hawatakutajia ule mnara wake mrefu.

"Nitaandika majina," alisema Mr. Luay. Sauti yake ilikuwa imepoteza viatu vyake vya kimya. "Yote. Kesho yatakuwa mezani kwa arbab. Mmesahau visa zenu ziko mkononi mwa nani?"

"Hatujasahau," alisema Rukiya. "Mimi sisahau kitu, sir, wewe uliza. Andika. Anza na langu. Na arbab akija, mwambie asituite ofisini. Ashuke yeye, aketi, tuzungumze. Viti vipo."

Redio ya Swaibu ikakoroma kiunoni. Ilikuwa mapokezi: basi la wageni limefika, mizigo iko barabarani, ghorofa ya tatu hakuna taulo, meneja yuko wapi? Mr. Luay aliitazama redio ile kama mtu aliyesalitiwa na nduguye. Mikono yote ya kubeba mizigo ile na kupeleka taulo zile ilikuwa mbele yake, imeshika vijiko. Alimtazama Duncan, akitafuta mzungu wa kumsaidia kusema. Duncan alipenga makamasi kwenye skafu yake, akatazama pengine.

"Twaja," Rukiya alisema, "tukimaliza kula."

Mr. Luay alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja koridoni, joto la dobi likimpita ubavuni na kuingia.

"Sir," alisema Rukiya, "utufungie mlango. Ubaridi watoka."

Mlango ukafungwa, si kwa kishindo. Kwenye ngazi kitoroli kikasikika kikigongagonga, kikipandishwa kurudi juu. Hakuna aliyeshangilia. Kesho ilikuwa inakuja na kila mmoja aliijua sura yake. Huenda mmoja wao angepanda ndege kabla ya Ijumaa, na huenda mmoja huyo angekuwa ni Rukiya. Alilijua hilo tangu alipofungua mdomo. Alijivutia sahani mapajani, akauvunja wali uliokwisha poa kwa vidole, akaona wenziwe bado wanautazama mlango.

"Kuleni," aliwaambia. "Na mle polepole."